Kutoka "Pole" hadi "Sonona": Lugha ya Huzuni na Njia za Asili za Kuituliza katika Babati na Mkoa wa Manyara

Utangulizi

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika sehemu ya mji wa Katesh pamoja na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Hanang ni mlima wa volkano wenye kimo cha meta 3,420, na Katesh iko chini yake, kando ya barabara itokayo Babati kwenda Singida. Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, ulioanzishwa mwaka 2002 kwa kuugawa Mkoa wa Arusha. Kwa hiyo msiba wa Katesh uliingia pia katika ofisi, masoko na nyumba za Babati.

Waathirika walipelekewa chakula, mablanketi na dawa. Walipelekewa pia maafisa ustawi wa jamii ili wawape msaada wa kisaikolojia. Msaada wa namna hiyo hauna kifaa kikubwa kuliko maneno. Hapo ndipo suala la huzuni, ambalo kwa kawaida huachiwa waganga na viongozi wa dini, linapokuwa pia suala la wanaisimu.

Mhadhara huu unajenga hoja moja. Kiswahili kina mfumo kamili wa kumhudumia aliyefiwa: kina sarufi yake, maamkizi yake na kalenda yake. Mwenye sonona au wasiwasi uliopita kiasi hana mfumo wa namna hiyo. Aliyefiwa anapovuka kutoka hali ya kwanza hadi ya pili, anavuka peke yake, kwa kuwa lugha inayomzunguka imekwisha kumwambia kwamba matanga yameondolewa. Neno "njia za asili" linatumika hapa kwa maana ya yale ambayo jamii imekuwa ikiyatenda bila kliniki wala vidonge ili mtu aliyeumia arudi katika maisha yake.

Sarufi ya kufiwa

Kitenzi -fa hakielekezi, na kwa kawaida kitenzi kisichoelekezi hakitendwi. Hata hivyo, kikipachikwa kiambishi cha kutendea na kisha cha kutendwa, huzaa fiwa. Katika sentensi "Amefiwa na mama yake", kiima si marehemu bali ni yule aliyebaki hai. Sarufi imemwondoa pembeni mwa tukio na kumweka katikati yake. Vitenzi vingine vya hasara hufuata njia hiyohiyo: ondokewa, potelewa, haribikiwa, nyeshewa. Kiswahili kinatambua rasmi kwamba tukio lisilokuwa na mtendaji linaweza kuwa na mwathirika.

Utambuzi huo huendelea katika mazungumzo. Mtu akisema "Nina msiba", swali linalofuata huwa "Nani?" au "Wapi?". Maswali hayo ni ya kujiandaa kwenda. Hufuatwa na "pole", neno ambalo masikioni mwa msemaji ni jirani wa poa na poza, na jibu lake la kawaida katika mambo madogo, "Nimeshapoa", linauthibitisha ujirani huo. Pole haikiri kosa wala haimtaki aliyepewa aeleze undani wake. Husemwa kwa mwenye mafua, kwa atokaye safarini, kwa aliye kazini na kwa aliyefiwa. Kwa hiyo mfiwa hupewa neno alilokwisha kulizoea tangu utotoni, na anajua namna ya kulipokea hata akiwa hana nguvu ya kufikiri.

Matanga kama tiba

Kukaa matanga ni kuipa huzuni mahali, muda na watu. Mambo manne yanayofanyika humo yanastahili kuangaliwa kwa jicho la kiisimujamii.

La kwanza ni kuwapo bila kusema. Watu huketi mikekani au kwenye viti vya kukodi kwa saa nyingi, na ukimya wao hauhesabiwi kuwa ufidhuli. La pili ni masimulizi. Kila kundi linalowasili huuliza "Ilikuwaje?", na mfiwa, au jamaa aliyepewa kazi hiyo, husimulia upya. Hadi siku ya tatu habari imekwisha kusimuliwa mara nyingi, nayo imepata mwanzo, kati na mwisho. La tatu ni kazi: kuchota maji, kupasua kuni, kupika, kuandika rambirambi daftarini. Mikono inayoshughulika huupa moyo nafasi ya kupumua. La nne ni utani. Katika makabila mengi ya Tanzania mtani huruhusiwa kuigiza mwenendo wa marehemu au kuzuia mazishi mpaka alipwe, na waombolezaji hucheka katikati ya machozi. Kicheko hicho kina kibali cha jamii, kwa hiyo hakimfanyi mfiwa ajione msaliti.

Kalenda nayo ina kazi yake. Kuna siku tatu, kuna arobaini, na kwa mjane Mwislamu kuna eda ya miezi minne na siku kumi. Toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, linaitambua huzuni ya kufiwa iliyorefuka kuwa ni ugonjwa pale tu inapodumu si chini ya miezi sita, ikavuka desturi za jamii husika na kumzuia mtu kuendesha maisha yake. Inaonekana, basi, kwamba waganga wa leo na wazee wa zamani wanakubaliana katika jambo moja: huzuni ya kawaida huhitaji miezi, na haipaswi kuharakishwa wala kuitwa maradhi kabla ya wakati wake.

Babati: mahali penye zaidi ya njia moja

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba matanga ya Kiswahili ndiyo njia pekee ya asili mkoani Manyara. Babati iko katika eneo ambalo lugha za nasaba mbalimbali hukutana. Kiiraqw na Kigorowa ni za Kikushi. Kidatoga na Kimaasai ni za Kiniloti. Kimbugwe na Kirangi ni za Kibantu. Na Kihadza, kisemwacho Yaeda Chini wilayani Mbulu, ni lugha ya vidoko ambayo nasaba yake haijathibitishwa.

Kila jamii ilikuwa na utaratibu wake. Wanaanthropolojia wameieleza metimani ya Wairaqw, yaani hali ya kaya iliyopatwa na vifo au matukio fulani kukaa mbali na wengine mpaka muda upite na utakaso ufanyike. Hapa jamii haikusogea karibu bali iliacha nafasi. Kwa Wabarbaig, ambao ni tawi la Wadatoga, mzee aliyeheshimiwa hufanyiwa bung'eda: kaburi lake hujengwa na kuinuliwa kwa awamu katika muda wa miezi kadhaa, kisha sherehe kubwa hufunga kipindi hicho. George Klima aliieleza desturi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1970. Huzuni ilikuwa na umbo linaloonekana kwa macho, na kaburi lilibaki kuwa mahali pa kurudi.

Umuhimu wa mahali hapo ulidhihirika pale palipoharibiwa. Mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO yalipoanzishwa wilayani Hanang kuanzia miaka ya 1970, baadhi ya makaburi ya Wabarbaig yalipitiwa na matrekta. Malalamiko yao yaliandikwa na watafiti, akiwamo Charles Lane katika kitabu chake cha mwaka 1996. Mgogoro huo kwa kawaida husomwa kuwa wa ardhi, na ni sahihi. Lakini ulikuwa pia wa kuondolewa kwa chombo cha kuombolezea.

Funzo la sehemu hii ni kwamba mshauri anayefika Babati na kumwambia kila mtu "Zungumza, utoe yaliyo moyoni" anaweza kuwa anamtendea kinyume mtu aliyelelewa katika utaratibu wa ukimya. Yampasa kwanza aulize: kwenu, aliyefiwa hufanyiwa nini?

Baada ya matanga: "mawazo" na "sonona"

Matanga yakisha kuondolewa, msamiati hubadilika. Neno linalotumika zaidi mitaani ni mawazo. Katika umoja, "ana wazo" ni sifa. Mwenye wazo hupewa nafasi mkutanini. Katika wingi, "ana mawazo" ni dalili: halali, hali, hazungumzi. Na mazungumzo yanayofuata hayafanani na yale ya msiba. Anayesema "Nina mawazo" haulizwi "Wapi?". Huambiwa "Acha mawazo", "Usiwaze sana", na akiwa mwanamume, "Jikaze". Majibu hayo hutolewa kwa nia njema, lakini yote ni ya kuamrisha, na yanamrudishia mgonjwa kazi ambayo ndiyo iliyomshinda.

Wasiwasi nao una maneno yake: kihoro, jakamoyo, moyo kwenda mbio, roho juu. Msamiati huu ni tajiri, na unakaa mwilini. Kinyume chake, istilahi za kitaalamu hazijatulia. Sonona, nomino iliyotokana na kitenzi chenye maana ya kuumia kwa ndani, ndiyo inayotumiwa sana na wahudumu wa afya nchini. Msongo wa mawazo na mfadhaiko hutumika pengine kwa maana hiyohiyo, pengine kwa maana nyingine. Mgonjwa anayejua "mawazo" na daktari anayejua "sonona" wanaweza kukaa meza moja wasikutane. Kwa mama mzee wa Kigorowa au Kidatoga, hata hayo "mawazo" ni neno la lugha ya pili.

Pengo hilo lina madhara. Baada ya "mawazo", neno linalofuata katika matumizi ya wengi ni "wazimu". Katikati hapana kitu. Hospitali ya Mirembe ya Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1927 na kuhudumia wagonjwa wa akili kwa karibu karne moja, jina lake limegeuzwa kuwa dhihaka: "Huyu wa Mirembe." Barabara ya lami kutoka Babati hadi Dodoma ipo, na urefu wake ni takriban kilomita 250. Lakini kwa anayeogopa kuitwa kichaa, neno moja ni refu kuliko barabara hiyo. Wahenga walisema: Mficha maradhi kilio humfichua. Yafaa kuuliza pia ni nani aliyemfundisha kuficha.

Katesh iliongeza jambo jingine. Wahenga walisema pia kwamba kifo cha wengi ni harusi, wakimaanisha kwamba uchungu ulioshirikiwa hupungua. Methali hiyo ina ukweli wake, na ina mpaka wake. Matanga hutegemea kuwapo kwa wasiofiwa watakaopika, watakaoketi na watakaouliza "Ilikuwaje?". Mtaa mzima unapofiwa siku moja, na nyumba za kukalia matanga zimekwenda na tope, wa kumpa mwingine pole hupungua. Katika hali hiyo anayetoka nje, awe afisa ustawi wa jamii au jirani wa Babati, anaombwa kufanya kazi ya matanga.

Mafunzo kutoka kwa majirani

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 duniani waliishi na sonona. Wataalamu wa tiba hawawezi kuwatosha. Katika Afrika zipo nchi zilizojaribu kujenga juu ya lugha za wenyewe, na matokeo yamepimwa.

Zimbabwe, Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa benchi la urafiki, ambamo akina bibi waliofunzwa huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Neno la kuanzia ni la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Ni ndugu wa "mawazo" yetu kwa maana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Uganda, Paul Bolton na wenzake walichapisha mwaka 2003 matokeo ya vikundi vya vijijini vilivyokutana kwa wiki 16. Walianza kwa kutafuta majina ambayo wenyeji walikuwa nayo tayari kwa hali inayofanana na sonona, na sonona ilipungua sana katika vikundi hivyo. Nchini Tanzania, Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha mwaka 2008 kipimo cha vipengele 19 cha kutambulia sonona kilichotungwa hapahapa nchini.

Hitimisho

Hakuna katika haya kinachosema kwamba mkeka unachukua nafasi ya hospitali. Asiyelala kwa majuma, anayeacha kula, au anayezungumzia kujiua, anahitaji mganga bila kuchelewa, na pombe ya kusahau si njia ya asili ya kutuliza bali ni ya kuahirisha. Kinachosemwa ni kwamba njia ya kwenda hospitali hupita katika lugha.

Kwa hiyo kazi tatu zinawangoja wanafunzi wa taaluma hii. Ya kwanza ni kukusanya maneno ya huzuni na wasiwasi katika lugha za Manyara. Kamusi ya Kiiraqw ya Mous, Qorro na Kießling ya mwaka 2002, na kazi ya Andrew Harvey juu ya Kigorwaa, zimeweka msingi. Kidatoga na Kimbugwe vinahitaji zaidi. Ya pili ni kuhakikisha kwamba hojaji za zahanati zinaanza na "mawazo", usingizi na moyo, ndipo zifike kwenye "sonona". Ya tatu ni ya jamii nzima: kuirudisha siku ya arobaini katika kazi yake ya zamani, iwe siku ya kumtazama mfiwa kama amerudi kula, kulala na kuzungumza.

Na pale mtu atakaposema "Nina mawazo", Kiswahili tayari kina jibu linalofaa, ila tumelizoea mahali pengine: "Pole. Ilikuwaje?"