Jile Kwanza, Mzigo Nyuma

Maneno ya mama mmoja memba wetu, mchuuzi wa dagaa, kwenye mkutano wa shirika hapa Kalemie. Tumeyaandika namna alivyoyasema, tumepunguza kidogo tu.



Nimeombwa niseme juu ya kujifunza kuogelea ukiwa mtu mzima, na juu ya kununua jile ya kwanza, ile ambayo sisi tuliokaa Kigoma tulizoea kuiita jaketi la kuokolea. Mimi niko na miaka 53, niko na wajukuu, na nilianza kujifunza nikiwa na 51. Lakini juu yangu sitasema mengi. Nataka kusema juu ya kazi yetu, maana wengi humu ndani tunakula kwa sababu ya ziwa.

Wengi wetu tulirudi kwa maji. Wengine walivuka kutoka Kigoma, wengine walipanda bato kule Mpulungu mpaka Moba. Na leo biashara yetu inafuata njia ileile: Kalemie, Moba, Uvira, Kigoma. Barabara munazijua. Mvua ikinyesha, gari inalala njiani, mzigo unaoza. Basi bato na mtumbwi wa motere ndiyo barabara yetu. Lakini barabara hii ina urefu wa kilomita 673, na kina chake kinafika mita 1,470. Ukianguka katikati, hakuna pa kukanyaga.

Desemba 2014 bato Mutambala ilizama kwenye ziwa hili letu, watu zaidi ya 120 wakafa. Oktoba 2024, kule Ziwa Kivu, bato iliyotoka Minova ilipinduka ikiwa karibu kufika bandari ya Kituku, Goma. Watu waliokuwa ng'ambo waliiona kwa macho yao. OMS, shirika la afya la dunia, linasema kwamba mwaka 2021 watu karibu 300,000 walikufa maji duniani, na zaidi ya tisa kwa kila kumi walikuwa wa nchi za kipato kidogo na cha kati. Ni sisi hao.

Sasa sikilizeni kitu kingine. Vijana wetu wanapenda kutazama kwenye telefone watu wanaoruka kutoka ndege na parashuti. Hata hapa karibu, Diani, pwani ya Kenya, watu wanalipa pesa yao ili warushwe juu ya bahari na kutua kwenye mchanga. Ba mama wakiona wanasema: hawa wana wazimu. Mimi pia nilicheka. Lakini nikauliza namna wanavyofanya, na nikaona kwamba wanaoitwa wazimu wako na akili kutushinda.

Kwanza, hawasemi "nimezeeka". George Bush yule mzee, aliyekuwa prezida wa Marekani, aliruka siku alipotimiza miaka 90, mwaka 2014. Miguu yake ilikuwa haimubebi tena. Alifungwa kwa mwalimu, wakashuka pamoja. Na mara yake ya kwanza haikuwa mchezo: ilikuwa vita, mwaka 1944, ndege yake imepigwa juu ya bahari. Mutu anaweza kuanza kwa shida na kuendelea kwa hiari.

Pili, wa kwanza kuruka haruki peke yake. Anafungwa kwa mwenye kujua, kifua na mgongo.

Tatu, hawabebi parashuti moja, wanabeba mbili. Ile ya pili, kule Marekani, sheria inasema kila siku 180 lazima fundi mwenye kibali aifungue, aikague, aikunje upya, hata kama haijatumika hata mara moja.

Ine, mwanafunzi hakimbilii kununua. Anatumia vyombo vya shule kwanza. Siku ya kununua, anapimiwa kwa uzito wake, na kama ni kitu cha mitumba, fundi anakiangalia kabla pesa haijatoka mkononi.

Ba ndugu, yule anaruka kwa kujifurahisha, na anajihangaikia hivyo. Sisi tunapanda bato kwa kutafuta unga wa watoto, usiku, upepo wa kusini unavuma, na tunakalia magunia bila kitu chochote mwilini. Nani mwenye wazimu?

Basi tuchukue akili yao, tuiweke ku maji.

Juu ya kujifunza. Usianzie Lukuga, pale maji ya ziwa yanapotoka. Mkondo unavuta. Usianze peke yako, na usianze kabla ya kuuliza wavuvi wa pale kama kuna mamba ao kiboko. Tafuta mahali maji yanafika kiunoni, chini ni mchanga, na mwenye kujua awe karibu kiasi cha kukushika mkono. Siku za kwanza, kazi ni moja tu: kutia uso ndani ya maji na kupumua inje kwa pua, mpaka woga upungue. Kisha kulala chali, masikio ndani ya maji, kifua juu, mwalimu ameweka mkono chini ya mgongo. Hapo ndipo watu wazima wanapata shida, kwa sababu tunakaza shingo. Ukilegeza shingo, maji yanakubeba. Baada ya hapo ndiyo miguu, na kugeuka kutoka tumbo kwenda mgongo. Usiwaze kuogelea mpaka Kigoma. Mutu anayeweza kulala chali dakika kumi ana nafasi ya kuonekana na kuokolewa. Maji yetu hayana baridi kama ya Ulaya, yako karibu digrii 25, yanatupa muda. Sharti uweze kuutumia.

Ba mama wengine wanasema: nitavaa nini, watu watanitazama. Kule Nungwi, Unguja, kulikuwa na mradi ulioitwa Panje uliofundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo ndefu za kuwafunika, na wale waliojifunza waligeuka walimu wa wenzao. Heshima haikuvunjika. Tunaweza kwenda ba mama peke yetu, asubuhi na mapema, tukivaa suruali na shati. Kitenge tu ndiyo kibaki ng'ambo, kinafunga miguu.

Juu ya jile sasa. Nguvu yake ya kuelea inaandikwa ndani kwa herufi N. Ukiona 50, hiyo ni ya mutu anayejua kuogelea na aliye karibu na ng'ambo. 100 ni ya maji yaliyotulia. Kwa safari ya ziwa kubwa kama hili, tafuta 150. Angalia pia kilo: ya mutu mzima haimfai mtoto, atateleza na kutoka kwa chini. Ivae, funga mikanda yote, halafu mwenzako aivute juu ku mabega. Ikipanda mpaka masikioni, si yako. Kisha ingia ku maji ya kifua, nyanyua miguu. Kidevu kikae juu ya maji. Kama muuzaji anakataza kujaribu, mwachie mali yake.

Na kuna jile za uongo. Januari 2016, kule Izmir, Uturuki, polisi walikamata zaidi ya 1,000 zilizoshonwa kwa ajili ya wakimbizi. Ndani walitia vitu vinavyonyonya maji. Mtu aliyevaa ile anazidi kuwa mzito. Sisi tulikuwa wakimbizi, tunajua namna watu wanavyochuma kwa mgongo wa mwenye haraka. Kwa hiyo kabla ya kununua nyingi, nunua moja, iweke ku maji usiku mzima na jiwe juu yake. Asubuhi ondoa jiwe, uone kama inapanda haraka kama jana.

Ukishaipata, usiikalie kama mto, sponji ndani inakufa. Usiianike juani kila siku. Na usiifunge ndani ya mzigo. Jile iliyo chini ya magunia haisaidii mutu. Vaa kabla kamba haijafunguliwa, vua ukiisha kukanyaga ng'ambo.

Najua neno litakalotoka: Mungu ndiye mlinzi. Ndiyo, mama, na mimi nasali. Lakini chandarua unakitumia na unasali. Neno lingine: pesa ya jile ni pesa ya mzigo. Hapo ndipo naomba shirika lisikie. Tukikopesha mutu mtaji wa dagaa, mtaji huo unapanda bato pamoja na mwili wake. Akizama, deni linabaki kwa yatima. Basi jile ni sehemu ya mtaji.

Naleta mambo matatu mbele yenu. Moja: kila mkopo wa biashara ya ziwa utoke pamoja na jile, ilipwe kidogo kidogo kama likelemba yetu. Mbili: jile za kujifunzia zikae kwa shirika, na mutu mmoja azikague kila miezi sita, mikanda na mishono, na aandike ku daftari. Tatu, kwa wafadhili wetu: asanteni kwa moyo wenu. Mukitaka kutuma jile, tuulizeni kwanza kilo na ukubwa, na musisahau za watoto. Afazali kumi za kweli kuliko mia za picha.

Tarehe 25 Julai ni siku ya dunia ya kuzuia watu kufa maji. Naomba mpaka siku hiyo tuwe tumepiga kura. Wenye kutaka kujifunza waandikishe majina kwa sekretere leo, hata wazee. Hasa wazee, maana sisi ndio tunaobeba watoto mapajani ndani ya bato.