Benki ya Kiislamu na Mkulima wa Mlali: Tuanze na Salam

  Uhaba wa mtaji hauulizi dini ya mtu, na hapa chini ya milima ya Uluguru Waislamu na Wakristo tunalima bega kwa bega.

Nimepewa mada ya misingi ya benki ya Kiislamu na utekelezaji wake. Misingi nitaipitia haraka, maana masheikh waliopo wanaijua kuliko mimi. Nitakaa zaidi kwenye mkataba mmoja ambao naamini ndio unaotufaa hapa Mlali, nao ni salam, yaani mkulima kulipwa bei mapema na kukabidhi mavuno baadaye.

Uislamu umeharamisha riba, yaani ziada anayotozwa mdaiwa juu ya deni. Umekataza pia gharar, biashara ya gizani ambayo mtu hajui anauza au ananunua nini, na umekataza kamari. Haukukataza faida. Faida ni halali kwa anayefanya biashara ya kitu chenyewe, akakimiliki na kuibeba hasara kikiharibika. Fedha iliyokaa mfukoni haizai. Inayozaa ni kazi, bidhaa na shamba.

Watu wengi hudhani mambo haya yalianza kwa matajiri wa mafuta. Sivyo. Moja ya benki za mwanzo kabisa za mfumo huu katika zama zetu ilifunguliwa mwaka 1963 na Ahmad al-Najjar huko Mit Ghamr, mji mdogo wa wakulima katika delta ya mto Nile, Misri. Walengwa walikuwa watu kama sisi. Kwa majirani zetu wa Kenya, Gulf African Bank na First Community Bank zilianza kazi mwaka 2008. Hapa Tanzania, Amana Bank ilifungua milango mwaka 2011, ikawa benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi hii. Benki nyingine, zikiwemo NBC, PBZ ya Zanzibar na CRDB, zimefungua madirisha ya huduma za Kiislamu ndani ya benki za kawaida.

Bidhaa inayouzwa zaidi katika benki hizi ni murabaha. Unataka pawatila, benki inainunua, inaimiliki, kisha inakuuzia kwa bei iliyo wazi: imenunua kwa kiasi gani na imeweka faida kiasi gani. Unalipa kidogo kidogo, na ukichelewa deni haliongezeki. Wapo wanaouliza kama hii si riba iliyovalishwa kanzu. Ni swali la haki. Benki ikikukabidhi fedha taslimu, ikakusainisha karatasi za pawatila ambayo haijawahi kuwa yake, basi hiyo ni riba, hata jina lake likiandikwa kwa Kiarabu. Ulizeni kila mara: mashine hii ilikuwa mali ya nani kabla haijafika kwangu?

Lakini murabaha haimtatulii shida mkulima ambaye mwezi wa pili anahitaji fedha ya mbegu, mbolea, vibarua na ada ya mtoto. Mabenki humwambia alete hati ya kiwanja. Mashamba mengi ya Waluguru ni ya ukoo, yamerithiwa upande wa mama, na hakuna mtu mmoja anayeweza kuyaweka rehani. Basi anaangukia kwenye kausha damu, mikopo ya mitaani yenye riba kali, au anauza mahindi yakiwa bado kijani.

Huku kuuza kijani ndiko salam ilikokuja kukunyoosha. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipana bei ya tende mwaka mmoja au miwili kabla ya mavuno. Hakukataza kulipa mapema. Aliweka masharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane. Wanazuoni wakafafanua kwamba mnunuzi alipe bei yote papo hapo, na kwamba mkulima auze mahindi ya aina na daraja fulani, si mahindi ya shamba lile pale bondeni, kwa sababu shamba moja laweza kuliwa na viwavi lote. Mavuno yakishindikana, mnunuzi atasubiri au atarudishiwa kile alichotoa, bila shilingi ya ziada.

Sasa tazameni hali yetu. Juzi nilisimama kando ya barabara inayopanda Mgeta, nikamwona mama mmoja akijaza tenga la nyanya. Lilijaa hadi ukingoni. Dalali akaongeza majani pembeni, akapandisha nyanya juu yake kama kichuguu, akafunga kwa kamba. Nikauliza tenga lile lina kilo ngapi. Dalali akajibu, "Tenga ni tenga, mzee." Yule mama hakusema neno.

Gunia nalo ni vivyo hivyo. Sheria ya vipimo inataka lisizidi kilo 100, na lumbesa, gunia lililoshindiliwa kupita kipimo, bado inapita. Chukueni mfano wa aliyepokea bei ya gunia 5 mapema: kila gunia likishindiliwa kilo 20 za ziada, amepoteza kilo 100, gunia zima la sita. Tunahubiri dhidi ya riba ya benki msikitini, halafu tunafumbia macho dhuluma hii sokoni. Kwangu mimi, mahali palipo na lumbesa salam haiwezi kusimama.

Sudan benki zimetumia salam kwa wakulima kwa miaka mingi, na huko walikumbana na tatizo la bei kupanda mno wakati wa mavuno, mkulima akajiona amepunjwa. Wakaweka kifungu cha kurekebisha bei pale tofauti na soko inapozidi theluthi. Wanazuoni wengine hawakiafiki, nami naona kijadiliwe hapa na masheikh wetu kabla ya kuigwa.

Hapa kwetu tuanze na mahindi. Nyanya zinaoza haraka na daraja zake bado zinabishaniwa. Benki inunue kwa salam kupitia chama cha ushirika, wanachama wadhaminiane, na benki itafute mnunuzi wake mjini kwa mkataba wa pembeni ulio mbali na ule wa mkulima.

Ombi langu kwa chama cha ushirika: kabla ya masika mnunue mzani, ukaguliwe na Wakala wa Vipimo, uwekwe mahali kila mkulima anauona. Na ninyi maofisa wa benki mlioketi hapa, tuleteeni rasimu ya mkataba wa salam, kwa Kiswahili, isiyozidi ukurasa mmoja.