Historia ya kijiji ni kazi ya wanakijiji



Msafiri atokaye Tanga mjini kuelekea Pangani, akiisha kwenda kiasi cha kilometa 17, hufika Tongoni. Jina lenyewe ni ushahidi, kwani tongo ni mahali palipokuwa na makazi, kisha pakahamwa. Karibu na bahari zimesimama kuta za msikiti wa mawe ya matumbawe na chokaa, pamoja na makaburi yapatayo 40, mengine yenye nguzo. Wataalamu wa mambo ya kale wanaeleza kuwa mji huo ulistawi katika karne ya 14 na ya 15.

Kwa miaka mingi vitabu vya wageni viliitaja pwani hiyo kwa sababu ya Wareno: kwamba mwaka 1498 merikebu ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama mwambani karibu na hapo, na kwamba Januari 1499 ilichomwa moto na wenyewe kwa upungufu wa mabaharia. Lakini shajara ya safari hiyo hiyo inakiri kwamba watu wa pwani waliwaendea Wareno kwa mitumbwi, mmoja umejaa machungwa mazuri kuliko ya Ureno. Basi palikuwa na watu, palikuwa na mashamba, na palikuwa na mji kabla mgeni hajakwama.

Wala watu wa Tanga hawakungoja wageni wawaandikie habari zao. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi, na Abdallah bin Hemedi akakusanya Habari za Wakilindi. Katika siku hizi, wenyeji wa kujitolea wa kikundi cha Urithi Tanga wameiendeleza kazi hiyo kwa kutunza kumbukumbu za mji na kuzionyesha kwa umma katika jengo la Boma la zamani. Njia hiyo inafaa kufuatwa na kila kata yenye magofu, visima vya kale au makaburi ya wahenga.

Wapo wanaosema kwamba utafiti ni kazi ya wasomi wa Chuo Kikuu peke yao. Hoja hiyo ina kasoro. Mtaalamu anajua umri wa kigae. Lakini mzee wa kijiji ndiye ajuaye kisima kiliitwaje, nani alizikwa wapi, na ukoo upi ulihamia lini. Mmoja bila mwenzake hufika nusu ya njia.

Hata hivyo, kutafiti si kuchimba. Katika baadhi ya makaburi ya Tongoni vimebaki vishimo vilivyopachikwa bakuli za kauri kutoka Uchina; bakuli zenyewe zimekwisha kung'olewa. Mahali pengine vijana hudanganywa na uvumi wa hazina ya Wajerumani, wakachimba usiku, wasipate dhahabu, na asubuhi ukurasa wa historia umechanika. Kigae kilichotolewa ardhini bila kuandikwa kilikuwa katika tabaka gani kimenyamazishwa milele. Ndiyo maana Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda majengo na vifaa vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kukataza uchimbaji usio na kibali.

Kikundi cha kijiji, basi, kina kazi tele isiyohitaji jembe: kuandika simulizi za wazee wangali hai, kuchora ramani ya magofu na visima, kuacha kila kigae mahali pake na kutoa taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale, kuzuia mawe ya kale yasibebwe kujengea nyumba, na kuwafikisha watoto wa shule mahali hapo ili wajifunze kwa macho yao.

Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliyaweka mawili hayo pamoja kwa busara. Utamaduni usio na vijana hufa na wazee wake, na vijana wasio na utamaduni huyumbishwa na kila upepo. Mwacha asili ni mtumwa. Kuta za Tongoni zimestahimili upepo wa chumvi kwa zaidi ya miaka 500. Zisije zikaangushwa na uzembe wa kizazi kimoja.