Masomo ya Chuo kwa Mwanafunzi wa Sekondari: Mada kwa Wazazi Wenye Kusema Kiswahili Katika Minnesota



Mwaka 1985, katika zama za Gavana Rudy Perpich, jimbo hili la Minnesota lilitunga sheria iliyokuwa ya kwanza ya namna yake katika Marekani nzima, ya kwamba kijana wa darasa la 11 au la 12, hali akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, aweza kwenda kusoma chuoni kwa gharama ya jimbo, na kwamba kozi atakayofaulu huko ihesabiwe pande zote mbili, katika cheti chake cha sekondari na katika shahada atakayoitafuta baadaye. Mpango huo hujulikana kwa herufi za PSEO, na majimbo mengi yamefuata nyayo hizo kwa majina na masharti yao wenyewe. Sikuja kuusifu, maana wenye kuusifu wapo tele; muradi wangu ni kubainisha kwamba fadhila hii ina masharti, na kwamba mambo yake mazito huamuliwa kabla mtoto hajatia mguu darasani, katika miezi ambayo aghalabu mzazi wa kwetu huwa hajaambiwa neno.

Sisi tuliosomea Afrika ya Mashariki tulizoea elimu ipimwe mwishoni. Mtoto aliweza kuzembea mwaka mzima, kisha akajifungia na vitabu vyake, na mtihani wa Kidato cha Nne au cha Sita ukamtoa mshindi. Na waliotoka Kongo wanaujua vyema uzito wa mtihani wa taifa. Huku hesabu ni nyingine. Kila kozi hufungwa yenyewe mwisho wa muhula, kwa alama zilizokusanywa wiki baada ya wiki, na anayefaulu huandikiwa krediti, kwa kawaida 3 au 4 kwa kozi. Shahada ya kwanza huhitaji takriban krediti 120, na ile ya miaka miwili inayotolewa na vyuo vya jamii huhitaji 60. Kwa sheria ya Minnesota, krediti 4 za muhula wa chuo ni sawa na mwaka mzima wa somo la sekondari. Tafakarini maana yake: mambo ambayo mwalimu wa sekondari huyatawanya katika miezi tisa, profesa huyamaliza kwa miezi minne, naye hangoji mtu.

Njia zenyewe ni zaidi ya moja, na wazazi wengi huzichanganya. Katika ya kwanza mwanafunzi huondoka shuleni kwake, kwa sehemu ya siku au kwa siku nzima, akaketi chuoni pamoja na watu wazima, au akasoma kozi hizo kwa intaneti; hii ndiyo PSEO hasa, na hata kijana wa darasa la 10 aweza kuionja, akitimiza masharti, kwa kuanza na kozi moja ya ufundi. Katika ya pili ni chuo kinachomfuata mwanafunzi: mwalimu wa sekondari, aliyeidhinishwa na chuo, hufundisha kozi ya chuo katika darasa lile lile la sekondari, kama University of Minnesota inavyofanya tangu mwaka 1986. Ya tatu, ile iitwayo AP, si uandikishaji wa chuo kamwe: mtoto husoma somo gumu shuleni kwake, kisha mwezi wa Mei hufanya mtihani unaosahihishwa kwa alama 1 hadi 5, na vyuo vingi huamua vyenyewe ni alama ipi vitakayoitunuku krediti. Wazazi wetu huipenda hii ya tatu kwa sababu inafanana na mitihani waliyoizoea. Walakini mtoto aliyesoma kwa bidii mwaka mzima, akaugua siku ya mtihani, yaweza kuwa hana krediti hata moja, ilhali mwenzake wa njia ya pili amekwisha kuzipata kwa kazi yake ya kila wiki. Kwa kijana aliyefika nchi hii juzi, ambaye Kiingereza chake cha kuandika bado kinakomaa, mimi huichagua njia ya pili pasipo kusita, maana mwalimu anamjua, anamwona kila siku, na huhisi mapema anapoanza kuzama.

Chuoni hakuna mwangalizi wa namna hiyo. Siku ya kwanza mwanafunzi hukabidhiwa mpango wa kozi, kurasa kadhaa zenye tarehe za kila insha na kila jaribio, uzito wa kila kazi katika alama ya mwisho, na adhabu ya kuchelewesha. Baada ya hapo huenda asikumbushwe tena. Kijana aliyezoea mwalimu wa kumwuliza, "Kazi yako iko wapi?" hudhani kimya hicho ni upole. Siku chache za mwanzo wa muhula zimewekwa ili asiyeiweza kozi aifute bila kuacha alama. Zikipita, kujitoa kwake huandikwa, na akibaki akafeli, kufeli kwake huandikwa vilevile.

Na maandishi hayo hayafutiki. Hapa ndipo ninapowasihi wazazi kwa moyo wangu wote, kwa kuwa ni wengi wanaotamani watoto wao wawe madaktari: anayeomba kuingia shule ya utabibu katika nchi hii hutakiwa aorodheshe kozi zote za chuo alizopata kuzisoma, zikiwamo zile alizosoma akiwa sekondari, na alama zake huingizwa katika wastani. Alama mbaya ya kemia aliyoipata akiwa na miaka kumi na sita itamkabili akiwa na ishirini na mbili. Aidha, chuo kitakapopima kama anastahili kuendelea kupewa msaada wa fedha, kozi hizo zaweza kutiwa katika hesabu.

Krediti ni shehena: faida yake hujulikana katika bandari itakayoipokea. Anayekusudia kubaki katika vyuo vya umma vya Minnesota ana usalama mkubwa, kwani upo mtaala wa pamoja wa krediti 40, wenye maeneo kumi ya maarifa, na aliyeukamilisha katika chuo kimoja cha umma hutambuliwa katika vingine. Vyuo vya binafsi na vya majimbo mengine vina hiari yao, na vipo visivyokubali kozi iliyokwisha kuhesabiwa katika cheti cha sekondari.

Kuhusu gharama, Minnesota imewafanyia wazazi hisani: ada ni ya jimbo, na vitabu vinavyohitajika kadhalika, ingawa hurudishwa chuoni. Fauka ya hayo, familia yenye kipato kidogo yaweza kuomba fidia ya nauli. Msidhani ni hivyo kila mahali. Katika jimbo la Washington, mpango wao wa tangu mwaka 1990 humsamehe mwanafunzi ada ya masomo, lakini vitabu na nauli kwa kawaida hubaki juu yake. Ohio, ambako wasemaji wa Kiswahili ni wengi, hufungua mlango tangu darasa la 7, kwa kikomo cha krediti 30 kwa mwaka. Lakini huko mtoto akifeli, wilaya ya shule yaweza kumdai mzazi gharama, isipokuwa familia ikiwa ya kipato kidogo.

Lipo jambo jingine linalowaumiza wazazi wetu. Mama hupiga simu chuoni kumwulizia mwanawe wa miaka kumi na saba, akajibiwa kwa adabu kwamba haruhusiwi kuelezwa. Si dharau: kwa sheria ya mwaka 1974, haki ya kumbukumbu za chuo ni ya mwanafunzi mwenyewe, hata akiwa mdogo. Basi afadhali mzazi na mtoto wakubaliane mapema kwamba karatasi ya idhini itatiwa sahihi, na kwamba alama zitatazamwa pamoja.

Tarehe 30 Mei ndiyo siku ambayo mwanafunzi wa Minnesota hutakiwa awe ameiarifu wilaya yake kwamba anakusudia kusoma chuoni katika muhula wa kwanza wa mwaka unaofuata (30 Oktoba kwa muhula wa pili), na baadhi ya vyuo hufunga maombi kabla ya hapo. Mkutano na mshauri wa wanafunzi uombwe tangu Januari. Asiyemudu Kiingereza aombe mkalimani: shule inayopokea fedha za serikali kuu hairuhusiwi, kwa Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na kwa msingi huo hutakiwa kuwasiliana na mzazi kwa lugha aifahamuyo. Mkalimani huyo asiwe mtoto mwenyewe, maana mtoto anayekitamani chuo atalipunguza onyo la mshauri, na anayekiogopa ataficha sifa alizopewa. Maswali yaandikwe karatasini kwa Kiswahili kabla ya kwenda: kozi hii itahesabiwa wapi katika cheti chake, chuo anachokikusudia huipokea au la, siku ya mwisho ya kuifuta ni ipi, na akianza kushindwa, nani atakayenipigia simu.