Mtoto asiyesema: tusingoje tena

Maneno ya kamati mbele ya mkutano mkuu wa wanachama



Leo kamati haikusimama kwa ajili ya hesabu ya michango. Tuko na neno moja tu, na tunalianza kwa kuomba msamaha.

Mwaka jana mama mmoja wa chama chetu alikuja mbele ya kamati. Mtoto wake alikuwa anakaribia miaka mitatu. Akasema: "Mutoto wangu aliacha kusema. Alikuwa anasema mama, anasema maji. Sasa hapana. Namwita, hageuke. Munipe nauli nimupeleke kwa munganga." Sisi tukamjibu kwamba kasha la msaada ni la mgonjwa aliyelala hospitali, na la msiba. Mtoto anakula, anakimbia, hana homa, sasa nauli ya nini? Tukamwambia, "Ngoja, atasema tu. Kuna watoto wanaochelewa."

Mama akauza mbuzi wake, akaenda Bukavu bila sisi. Kule munganga akamuuliza: alianza kutembea na miezi mingapi? Neno la kwanza lilikuja lini? Aliacha kusema kabla ya ile malaria kali au nyuma yake? Mama hakuweza kujibu vizuri. Kadi ya kliniki ilibaki Nyarugusu. Ikabidi arudi nyumbani, aulize bibi wa mtoto na majirani waliokuwa naye kambini, kisha asafiri mara ya pili. Ndipo akapewa jina la hali ya mtoto: usonji, ambao wenye Kifaransa wanaita otisimu.

Tuseme kweli: lile neno letu la "ngoja" lilimgharimu mtoto miezi mingi, na mama mbuzi wake. Hatutaki lirudi tena katika chama hiki.

Usonji ni nini? Ni ubongo wa mtoto unaokua kwa namna yake tangu utotoni, hata kusema, kucheza na wengine na kuzoea mabadiliko kunakuwa kugumu kwake. Hauambukizi. Hautoki kwenye malezi ya mama. Chanjo haiuleti: maandishi ya mwaka 1998 yaliyotia watu woga juu ya chanjo yalifutwa mwaka 2010 na jarida lenyewe la waganga lililoyachapa, The Lancet. Na hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayouonyesha. Munganga anautambua kwa kumwangalia mtoto na kwa kumsikiliza mzazi. Basi maneno ya mzazi ni sehemu ya kipimo. Mzazi asiye na kumbukumbu anafika kwa munganga na nusu ya kipimo tu.

Alama za kuangalia ni hizi. Mtoto amefika mwaka mmoja, hasemi ba-ba wala da-da, hanyoshi kidole, hapungi mkono. Amefika miezi 16, hana neno hata moja. Amefika miaka 2, haunganishi maneno mawili ya kwake, kama "mama njoo". Na kwa umri wowote: alikuwa na maneno, yakapotea. Moja tu kati ya hizo inatosha kwenda kituo cha afya juma hilo hilo. Si kusema ana usonji. Ni kusema apimwe.

Sisi tuliorudi tuko na mtego wetu. Mtoto amesikia Kiswahili cha kambini, bibi anamsemesha Kibembe, shuleni wanataka Kifaransa. Akinyamaza tunasema, "Lugha zimemuchanganya." Jamani, lugha nyingi hazileti usonji. Mtoto anayesumbuliwa na lugha mpya bado anakuvuta nguo, anaonyesha ndizi kwa kidole, anakutazama usoni aone kama umecheka. Msiangalie mdomo tu. Angalieni macho na kidole.

Sasa njia yenyewe, hatua kwa hatua.

Kwanza ni daftari. La shule linatosha. Andika tarehe ya kuzaliwa, lini alikaa, lini alitembea, neno la kwanza, magonjwa makubwa, degedege kama lilikuwepo. Kama hujui tarehe, shika tukio: "kabla hatujavuka ziwa", "wakati wa mavuno ya mihogo". Halafu kila juma andika jambo moja uliloona: alitaka nini, alifanyaje ili akipate, kitu gani kilimliza. Asiyejua kuandika, kijana wa jirani amwandikie. Na ile kadi ya kliniki, kama ipo, iingie ndani ya daftari.

Pili ni masikio. Kabla ya kusema usonji, lazima ijulikane kama mtoto anasikia. Anayegeuka mlango ukigongwa bado anaweza kuwa hasikii maneno vizuri. Omba kituo cha afya barua ya transferi, apimwe fasi yenye vyombo vya masikio. Mwambie muuguzi pia kama mtoto alipata malaria ya kichwani au ana kifafa. Hayo nayo yanaweza kupoteza maneno ya mtoto, na kifafa kinaweza kwenda pamoja na usonji.

Tatu ni maswali ya kuchuja. Kuna fomu inaitwa M-CHAT-R, ya maswali 20, kwa watoto wa miezi 16 mpaka 30. Mzazi anajibu ndiyo au hapana: je, ukionyesha kitu mbali, mtoto anatazama huko? Je, anakuonyesha kitu ili mukitazame pamoja? Iko kwa Kifaransa pia. Kujibu kwake kunataka dakika chache. Lakini mushike hili: fomu inachuja, haihukumu. Alama zikiwa nyingi, mtoto aende mbele. Zikiwa chache na moyo wa mama bado una wasiwasi, vilevile aende mbele.

Nne ni munganga wa watoto au wa afya ya akili. Bukavu kuna kituo cha SOSAME kinachoshughulikia afya ya akili. Nenda na daftari, nenda na barua ya transferi, na kama inawezekana baba naye aende. Usitoke kabla hujauliza: hali hii inaitwaje, tuanze nini nyumbani, turudi lini?

Kuna fasi moja ambayo hatua hizi hazipiti: kwa yule anayesema mtoto ni mchawi. Tunalisema wazi, maana limesemwa hata kwetu. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inampa kifungo cha mwaka 1 mpaka 3 mtu anayemshitaki mtoto kwa uchawi. Maombi ni mazuri, tuombe. Lakini kumfungia mtoto, kumnyima chakula, kumpiga ili pepo litoke, si maombi.

Na baada ya jina? Hakuna dawa ya kuuondoa usonji. Msaada ni kumfundisha mtoto, na kufundisha kunaanza nyumbani. Inama ufike usawa wa macho yake. Tumia maneno machache na ishara. Fuata mchezo anaoupenda yeye. Mpangilio wa siku usibadilike ovyo. Akijaribu kuomba kitu, hata kwa kidole, mpe haraka ili ajue kuomba kunafaa. Shirika la Afya Duniani, OMS, lina mafunzo ya wazazi wa watoto wa miaka 2 mpaka 9 yanayofuata njia hiyo.

Kwa hiyo kamati inaleta ombi. Kifungu cha kasha kiongezwe: nauli ya mtoto anayepelekwa kupimwa masikio au maendeleo yake, pamoja na mzazi mmoja, ihesabiwe kama ya mgonjwa. Tena mwanachama mmoja amsindikize mama kwa safari ya kwanza. Kwa marafiki wa mbali tunasema: hatuombi jengo. Tunaomba nauli, madaftari, na fomu zilizopigwa kopi.

Yule mama yuko hapa, ameketi nyuma. Ametukubalia tuseme habari yake bila jina. Mtoto bado hasemi, lakini sasa akitaka maji ananyosha kidole. Mama ameliandika hilo, na tarehe yake. Kikao kikiisha, atawaonyesha wazazi namna anavyolishika lile daftari. Mbuzi wake, kamati tumekubaliana kumrudishia kutoka mifuko yetu, si kutoka kasha.

Sasa tunyoshe mikono, tupige kura.