Ulemavu Haustaafu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wenyeviti wa jumuiya na viongozi wa walei, Buguruni



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo katika jumuiya zetu za Malapa, Madenge na Mivinjeni huzungumzwa kwa minong'ono. Mtu aliyeumia kiwandani, akawa analipwa kila mwezi kwa sababu ya ulemavu wake, akikaribia kutimiza miaka 60 huanza kukosa usingizi. Jirani amemwambia kuwa akifika umri wa kustaafu malipo yatakoma. Mwingine amemshauri asionekane ofisini, wasije wakamkumbuka. Hofu ya namna hii humfanya mtu aikimbie haki yake mwenyewe.

Yatupasa kwanza kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa. Pensheni ya uzeeni hutokana na michango ya mfanyakazi na mwajiri wake: NSSF kwa sekta binafsi, na PSSSF kwa watumishi wa umma tangu sheria ya mwaka 2018. Kwa kawaida mtu hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Fidia ya kuumia kazini ni deni jingine. Hulipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliowekwa na Sheria Na. 20 ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Humo anachangia mwajiri peke yake. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi hata senti. Mwenye ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa mara moja. Ukizidi hapo, hulipwa pensheni kila mwezi kwa maisha yake yote. Siyo mpaka atimize 60. Mkono uliokatwa na mashine hauoti tena siku ya kustaafu, na sheria imelitambua hilo.

Iko pia pensheni ya ulemavu ya NSSF, kwa mwanachama aliyepungukiwa na uwezo wa kujipatia kipato kwa theluthi mbili au zaidi, hata kama chanzo ni maradhi yasiyohusiana na kazi. Huyu, anapofikia umri wa uzeeni, asiridhike na jibu la mdomo dirishani. Aombe kwa maandishi: nalipwa kwa kifungu gani, kiasi gani, na je, kuna kitakachobadilika? Barua hujibiwa kwa barua, nayo hutunzwa.

Sasa niseme linaloniuma zaidi. Tuwafikirie wazee wawili, ni mfano tu, wameketi benchi moja nje ya kanisa. Wa kwanza alipoteza mguu kiwandani mwaka 1998, wa pili mwaka 2018. Wa kwanza aliangukia sheria ya zamani, iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, ambayo fidia yake ya ulemavu wa kudumu haikuvuka shilingi 108,000, zikalipwa mara moja zikaisha. Wa pili hupokea pensheni kila mwezi. Mguu ni ule ule. Kilichotofautiana ni tarehe. Tunapomwambia mzee wa pili asihofu, tusimgeuzie kisogo wa kwanza, kwa kuwa yeye hana cha kuhofia kukipoteza.

Tena wako wale wa sokoni kwetu: wachukuzi, wasukuma mikokoteni, mama lishe. Hawa hawana mwajiri wa kuwachangia WCF. Wakivunjika mgongo wakiwa na miaka 50, uzee utawakuta mikono mitupu. Ndugu zetu wa Zanzibar walianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumwuliza alichangia wapi. Mwaka 2023 zikawa 50,000. Si fedha nyingi. Lakini mzee huyo anahesabika. Huku Bara hatuna pensheni ya wazee wote, na sioni sababu ya viongozi wa walei kulinyamazia jambo hili wakutanapo na madiwani na wabunge wetu. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, aliihesabu pensheni na bima ya uzeeni na ya ajali kazini miongoni mwa haki za mfanyakazi. Hakuziita sadaka.

Kwa vijana walio viwandani barabara ya Pugu, angalizo moja. Haki ya uzeeni hujengwa siku ya ajali. Mwajiri akishaarifiwa ana siku 7 za kuitolea taarifa WCF, na madai yasiyofikishwa ndani ya miezi 12 huweza kupotea. Wako wasimamizi wanaosema, "Haya tutayamaliza wenyewe," wakampa majeruhi nauli na fedha ya dawa. Msikubali. Andikeni tarehe, saa, na majina ya walioshuhudia.

Mifuko hufanya uhakiki wa wapokea pensheni, na asiyehakikiwa huweza kusimamishiwa malipo. Hapa ndipo mzee mwenye ulemavu hupotezea fedha zake: si kwa sababu ya umri, ila kwa kukosa wa kumpeleka. Basi kila mwenyekiti aandike majina ya wenye hali hiyo katika jumuiya yake, pamoja na jina la kijana atakayewasindikiza. Jumapili ijayo, baada ya misa ya pili, tutakuwa na meza ukumbini. Waje na kitambulisho cha taifa, kadi ya mfuko, barua ya tathmini ya ulemavu na hati za mshahara, hata zilizochakaa.