HONI YA PIKAPU YETU
(Maneno ya Katibu mbele ya mkutano)

Ndugu wanaushirika, pikapu yetu hailii honi. Barabara ya kwenda Mbinga ina kona nyingi na watoto wa shule wanapita humo, basi tusingoje ajali. Tukague hatua kwa hatua, tusikurupuke kununua honi mpya.

Kwanza fyuzi: ikiwa imekatika tuweke ya kiwango kile kile, siyo kipande cha waya, gari litakuja kuungua.

Pili honi yenyewe: tuiguse kidogo kwa waya kutoka betri ya volti 12. Ikilia, ni nzima. Ubovu uko kwenye swichi ya usukani, rilei au nyaya. Isipolia, tukwangue kutu pale inapofungwa kwenye bodi, tujaribu tena. Ikinyamaza, hapo ndipo tununue.

Mpaka itengemae, dereva apunguze mwendo konani.